Kipande cha Chuma

Jumatano padre alinipaka majivu,
mvua ya Isyonje ikayafuta kabla sijafika stoo.
Nikafurahi kidogo.

Nyama nimeacha. Pombe nimeacha.
Ijumaa napiga magoti kituo kwa kituo,
suruali inachafuka, watu wanaona.

Lakini chini ya jiwe la mizani
nimebandika kipande cha chuma,
kidogo kama kisigino cha kiatu cha mtoto.
Miaka sita kinakula kilo tano kila gunia,
hakijafunga hata Ijumaa moja.

Leo kaja Bi Tusekile, tope hadi magotini,
viazi magunia mawili.
Hakutazama mizani. Alinitazama mimi.
"Andika unavyoona, mwanangu."

Nikasema ngoja, mizani inakwama.
Nikageuka, nikatafuta bisibisi,
vidole vikatetemeka kama vya mwizi,
siku ya kwanza siibi.

Mkono wa mizani ukapanda.
"Ee! Viazi vya mwaka huu vizito!"

Nikaitikia kwa kichwa.
Na huo nao uongo.
Nimeuandika daftarini, chini ya jina lake,
mstari mmoja na deni:
miaka sita, kilo sijui ngapi.
Pasaka iko mbali.
Nyumba yake iko karibu.