Fomu ya Kuomba Kuondolewa

Jumatatu, theluji bado imelalia mapaa ya Idrija,
barua zetu zikaanza kurudi.
Si moja moja. Zilirudi kwa mafungu,
kila moja na mstari uleule mgongoni:
*imekataliwa, mtumaji yumo orodhani.*

"Orodha ya nani?" Bi Zdenka akauliza.
Sikuwa na jina la kumpa.
Mahali fulani ipo mashine inayohesabu makosa ya mashine.
Haili rushwa, haina simu,
haijui kwamba huku ni wanawake kumi na wanne wafuma lesi
na mimi ninayewatunzia nyaya,
wala kwamba kule Graz bibi harusi anangoja shela
na swali letu la kipimo cha kichwa
limekwama mlangoni pake,
naye hajui hata kama tulibisha.

Nikashuka chumba cha boila, seva inakoishi,
nikapekua kumbukumbu zake mstari kwa mstari
kama anayechambua mchele wa wageni.
Usiku wa Jumamosi, saa nane na dakika kumi na moja:
barua elfu arobaini na moja,
dawa za nguvu za kiume, urithi wa mjane asiyekuwapo,
zote kutoka sanduku la mhasibu.
Nywila yake ilikuwa jina la paka
na mwaka aliozaliwa paka.

Sikumwambia mtu.
Lakini ngazi zetu ni za mbao, na habari ina miguu mizito.

Usiku uleule Zdenka akaitafuta fomu mwenyewe.
*Tafadhali tuondoeni, sisi ni watu wema.*
Wakatuondoa! Alikuja asubuhi na keki ya jozi.
Hata hatujaikata,
kirusi, kingali kimejikunja ndani ya kompyuta yake,
kikapiga chafya mara elfu sita.
Tukarudishwa. Safari hii fomu ikajibu:
*ngojeni siku saba.*
Ukiomba radhi na mkono ungali mfukoni mwa mtu,
radhi ya pili hupanda bei.

Ludvika, ambaye hajawahi kugusa kompyuta,
akasema bila kuinua uso kwenye mto wake wa pini:
"Si mfumue?
Kosa liko safu ya tatu, nyie mnafuma ya tisa."

Nikafumua.
Kompyuta ya Zdenka niliifuta mpaka ikasahau jina lake.
Nywila zote mpya, na ugomvi juu ya kila moja.
Mlango wa ishirini na tano nikaufunga,
apite seva tu, wengine wabaki ndani.
Namba yetu nikaifundisha kuitika jina letu,
na jina kuitika namba;
kila barua ikapewa saini yake,
na ulimwengu ukatangaziwa nani ana ruhusa
ya kusema kwa kinywa chetu.

Shela? Tulipiga simu.
Bibi harusi alijipima kwa uzi, akausoma uzi kwenye rula.
Ilikwenda kwa basi, ndani ya boksi la viatu.

Siku ya nane nikajaza fomu.
Kilichotokea, lini, tulichokifunga.
Kwamba sisi ni wema sikuandika;
hapakuwa na kisanduku cha wema.

Saa kumi jioni namba yetu ikawa safi.
Nilipanda nikiruka ngazi mbili mbili kutangaza.
Wakashangilia, wakarudi kwenye vijiti vyao,
na vile vijiti vikaendelea kugongana, tik, tik,
mpaka Zdenka alipopita na bahasha za mshahara.
Vikanyamaza.
Alipofunga mlango, vikaanza tena.

Nimetafuta hiyo nayo: ni nani anayeitunza,
inapitwa na wakati baada ya saa ngapi,
ombi linapelekwa wapi.

Leo mchana nimechukua supu yangu
nikaenda kukaa meza ya dirishani, kiti cha pili.
Nimemuuliza paka ana umri gani sasa.
Amenitazama kitambo, kama mtu anayepima
iwapo barua hii ni ya kweli,
kisha akajibu.