Farasi Tisini na Mmoja

Sinyora Ornella anaiuza. Mnunuzi atoka Watamu Jumamosi.
Kaniambia: Fundi Bwanaheri, niandikie sifa zake,
zote, bila kutia chumvi.
(Chumvi tunayo, Gongoni si mbali.)
Haya. Nimefuta mikono kwa tambara, naandika.

Kwadi, ndivyo tunavyoiita. Magurudumu manne,
meno yake marefu kama vidole vya mtoto.
Rangi ya chungwa, ila tangi limechubuka kushoto,
hapo ndipo mwanawe Sinyora alipoubusu mnazi.
Silinda mbili zimekaa panda, kama manati.
Redieta ina feni yake. Kila gurudumu na shoku lake,
lapanda na kushuka bila kumwuliza jirani.

Kitabu chasema nguvu zake ni za farasi tisini na mmoja.
Kitabu ni cha Kitaliano, na Kitaliano chetu sisi
ni cha salamu na cha bei,
lakini namba ni namba.
Tisini na mmoja! Mambrui hii nimezaliwa,
farasi sijamwona ila kwenye kopo la rangi.
Punda, ndiyo. Punda wa maji wa Shali
akigoma pale njia ya msikitini,
wanaume sita hawamsogezi.
Nikapiga hesabu: farasi mmoja ni punda wangapi?
Nyevu, mwanafunzi wangu, akajibu akiwa chini ya gari:
Inategemea, fundi. Amegoma au hajagoma?

Mkanda nimetia mpya. Plagi mpya, oili mpya.
Lakini chombo hakijapona mpaka kijaribiwe,
basi alfajiri, mchanga ukiwa bado baridi,
tukaitoa, Nyevu nyuma, pampu mapajani.
Maji yamekupwa, ufuo mgumu kama sakafu.
Nikaminya kwa kidole gumba. Kidole gumba tu,
na Mambrui ikarudi nyuma.
Themanini. Tisini na tano. Kaa wakiruka mashimoni
kama njugu kikaangoni. Shati langu likawa ngoma.
Mia na nne, machozi yakanitoka pembeni,
na Nyevu akanyamaza,
jambo ambalo halijatokea tangu aanze kazi.

Kisha tuta, lile kubwa nyuma ya mivinje.
Nikalijia na farasi wote.

Nusu ya njia wakazama.
Kadiri nilivyominya ndivyo walivyochimba,
mchanga ukipaa nyuma kama pumba za ungo,
hata tumbo la chombo likalala chini;
na moshi, na kimya,
na harufu ya mkanda mpya niliounyenyekea dukani.

Nyevu akashuka. Hakuniambia neno.
Akachuchumaa, akabonyeza vali kwa kijiti,
gurudumu likapumua, likapumua,
mpaka likanywea kama shavu la kibogoyo.
La pili. La tatu. La nne akalipima kwa kiganja,
akaongeza kupunguza.
Akaugusa ule mtambo wa kuunga magurudumu ya mbele,
ambao mimi, kwa haraka zangu, niliusahau.
Akakaa mbele.
Fundi, wewe tembea.

Akaiondoa taratibu, kama mtu atokaye chumbani
mtoto ndiyo kwanza amelala,
nayo ikapanda. Ikapanda kwa mngurumo wa chini chini,
nikabaki na pampu, viatu vimejaa mchanga,
nikimwangalia kule juu, amesimama kwenye vikanyagio,
ananingoja.

Basi, ewe mnunuzi:
ina nguvu kuliko haja. Breki zakamata.
Taa ya kulia hukonyeza ikilowa.
Winchi ya mbele haijapata kuvuta kitu.
Kwenye mchanga punguza upepo,
kisha jipunguze na wewe.
Kilomita ni elfu tatu mia nane na kumi na saba.
Sinyora atakwambia mia nane na tatu.
Hizo kumi na nne usimwulize.
Saba za kwenda ni zangu.
Za kurudi aliendesha Nyevu.