Mhojiwa Namba 412

Kura ya sampuli ilipopigwa, mlango wetu ukatoka.
Katika Bytom nzima, milango elfu na elfu,
ngazi ya tatu, ghorofa ya pili, kushoto:
kwa mama.
Profesa Wierzbowska akalikata jina langu.
"Damu haihoji damu," akasema,
dodoso akampa Gniewko, kijana wa pwani,
asiyejua hata kwa nini kuta zetu zina nyufa:
chini yake babu zetu walichimba makaa
mpaka ardhi ikachoka kubeba.

Mwaka mzima nimesoma matabaka.
Nimekariri tofauti ya kaya na familia,
na kwenye mtihani nikajaza kurasa nne za umaskini
bila kutaja sufuria hata moja.

Sasa ni Februari. Tramu zinakwaruza reli nje ya maktaba.
Kazi yangu kugeuza majibu kuwa tarakimu:
ndiyo ni moja, hapana ni mbili,
amekataa kujibu ni tisa.
Majina yamefutwa. Lakini nani mwingine
angemwamuru mgeni avue viatu,
amkaripie kwa soksi yenye tundu,
aishone palepale, swali la sita likiendelea?
Gniewko, mwaminifu, ameandika yote pambizoni.

Mnaishi wangapi hapa?
"Mmoja. Jumapili wawili.
Ukihesabu koti la marehemu pale mlangoni, andika watatu."

Kazi yako?
"Nilifua shuka za hospitali miaka thelathini na mmoja.
Sasa nafua za binti yangu. Huzileta na vitabu juu yake."

Anasoma nini?
"Watu. Anasoma watu.
Mie nilidhani watu ni wa kuamkiwa tu."

Nikacheka peke yangu, msimamizi akanitupia jicho.
Halafu swali la kumi na tisa:
Ukikwama kwa pesa, yupo wa kumwomba?

"Yupo.
Simwombi."

Moja, au mbili?
Kitabu cha misimbo kina kurasa sitini,
kimewafikiria wajane, walevi, wahamaji.
Hakikumfikiria yeye,
wala mimi, niliyemuuliza Krismasi kama makaa yanatosha,
akasema yanatosha,
nikaamini, maana chai ilikuwa moto.

Nimeandika moja. Nimefuta.
Nimeandika tisa. Nimefuta.
Saa nane ilishapita, na karatasi
imeanza kuwa nyembamba hapo.