Eka Tatu na Robo

Mtandao hapa unashika mahali pamoja tu:
kichwani pa baba,
hatua mbili kutoka kwenye saruji, ukielekea mgomba wa mwisho.
Ndiyo maana kikao cha kumuuza
tumekifanyia juu yake.

Lusajo yuko Kahama, nyuma yake mashine inasaga mawe.
"Uza, mdogo wangu. Udongo hauli..."
Ikakatika.
Nikaitazama saruji.
Unakula, kaka.
Akapiga tena: "Nimesema haulipi. Udongo haulipi ada."

Tupokigwe yuko zamu ya usiku, Dodoma, ananong'ona wodini:
"Msiuze. Mkiuza, tukifa tutapelekwa wapi?"
Basi njoo ukae, nikamwambia.
Kimya. Kitanda cha magurudumu kikapita.
"Nitatuma hela ya palizi."
Hela hiyo iko njiani tangu mvua za mwaka juzi.

Mimi ndiye wa karibu. Uyole si mbali,
kwa hiyo kila kisichokuwa na mwenyewe ni changu:
ufunguo usiozungusha kitasa,
dirisha la jiko nililoingilia kama mwizi,
bati la mbele lililolipwa na kahawa ya mwaka ule wa bei,
bati la nyuma ambalo hadi leo sijui lililipwa na nini.
Ukutani, kwa mkaa, mwandiko wa baba unaolala kulia:
*Mwakalobo, debe 2. Amelipa 1.*
*Ambwene, jembe. Hajarudisha.*
Ambwene alizikwa kabla yake.

Kijana wa parachichi alikuja asubuhi, buti safi,
akalizunguka shamba na simu mkononi, simu ikahesabu:
eka tatu nukta mbili tano.
Baba alilihesabu kwa majina.
Penye Nyuki. Kwa Mwiba. Alipoangukia Ng'ombe.
Nikamtajia. Akauliza, kwa adabu kabisa,
hapo Alipoangukia Ng'ombe ni eka ngapi.

Miaka ishirini na mitano, kodi kila Julai,
migomba ing'olewe kwa gharama zao.
Mkataba ukiisha nitakuwa na miaka sabini na mmoja,
nitakuja na mkongojo kudai changu kwa wajukuu wa buti.
Na kaburi?
"Tutalizungushia uzio, mama. Mtakuwa na njia.
Mita moja."
Mita moja. Jeneza la baba lilibebwa na watu wanane.

Nilidhani siku imeisha.
Jioni ukungu ukishuka kutoka mlimani
akaja Subilaga, ndoo ya viazi kichwani,
udongo mweusi bado umevishika kama usiotaka kuviachia.
"Hii ya msimu huu. Ya msimu uliopita nilimpa mama yako mdogo."
Sikujua kama analima bondeni kwetu.
Hakuomba; hapakuwa na wa kuombwa.
"Magugu yalikuwa yamefika mlangoni," alisema,
"nikaona aibu kwa niaba yenu."
Hakuna nyasi hata moja kwenye saruji. Nilikuwa nimesimama pale
mchana kutwa nikipiga kelele, sikuona.

Mdomo wangu, mdomo wa Uyole, ukauliza:
na kodi unamlipa nani?

Akaitazama ndoo, akanitazama mimi,
kama mtu anayetafuta
ni yupi kati yetu aliyeuliza.

Usiku nimeiacha simu kichwani pa baba,
ndani ya mfuko wa sukari, iwapokee watakaopiga.
Mvua ya Rungwe haina utani.
Namenya viazi. Maganda ni membamba, vimekomaa vizuri.
Huko nje inaita. Lusajo, au yule kijana,
au Tupokigwe amepata dakika tano.
Inaita, inanyamaza, inaita.
Baba naye hakuwa mtu wa kupokea simu.

Uamuzi sina. Saa tatu asubuhi watauhitaji, na sina.
Nimechukua kipande cha mkaa mafigani,
nikainama chini ya deni la Ambwene,
mwandiko wangu nao, kumbe, unalala kulia:

*Subilaga, viazi, ndoo 1.*
*Imepokelewa.*