Nyumba ya Nyagawa

Makambako, upepo una mikono.
Hung'oa bati, huanua kanga hazijakauka,
hugonga kila kona kama anayedai.

Fundi Nyagawa, aliyepaka rangi mabehewa
miaka kumi na minane, karakana ya reli Mbeya,
alistaafu akajenga nyumba isiyo na kona:
ukuta umepinda kama shavu la mtoto,
madirisha ya duara,
na mstari mwekundu kiunoni, mbele hadi nyuma.

Tulicheka. "Inaondoka saa ngapi?"
Mkewe Tulalumba, akimenya njegere:
"Ikijaa."

Kabati halikai ukutani, ni kweli.
Kitanda kimesimama katikati kama mgeni.

Lakini Agosti, usiku ule wa mabati kuruka,
nimeuzuia mlango wangu kwa mgongo,
nilichungulia ufani: ng'ambo taa yao imetulia,
upepo ukiteleza ubavuni mwa nyumba
kama kiganja juu ya paka.

Asubuhi nilivuka barabara kuazima nyundo.
Nikapitisha kidole kwenye ule mstari,
polepole, hadi nyuma kabisa,
na, Mungu anisamehe,
nikatamani kupunga mkono.