Chini ya Dawati

Kijana wa takwimu alishuka basi Villazón
kompyuta kaikumbatia kama mtoto mchanga,
midomo imepasuka kwa baridi ya nyanda za juu.
Akaniuliza: Fundi Policarpio, wewe unavuka daraja kila wiki,
unatengeneza madawati huku Bolivia na kule Ajentina.
Serikali ipi inamjali zaidi mtoto wa shule ya msingi?

Nikamwambia, shika hapa. Usiachie.
Nikalipindua dawati.

Hili ni la huku. Hesabu matundu ya skrubu:
kumi na tisa, na skrubu zenyewe ni nne.
Mguu huu ulikuwa fremu ya kitanda,
huu nimeukata kwenye mlango wa jela ya zamani,
ule wa nyuma siujui, niliukuta umeshapona.
Nimelitibu mara tano. Malipo ya mara ya nne
bado yako njiani kutoka La Paz,
labda yanakuja kwa miguu.

Akafungua jedwali lake, safu mbili.
Lakini nchi yako, akasema, katika kila mia inayopata
huzitengea shule sehemu kubwa kuliko jirani.
Alisema kama mtu anayetoa pole na hongera kwa pumzi moja.
Naamini. Mama yangu naye alitukatia mkate
vipande vikubwa kuliko mama yeyote mtaani;
mkate ndio uliokuwa mdogo.
Haba na haba hujaza kibaba,
hakuna anayeuliza kibaba kina ukubwa gani.

Tukavuka. Mto chini ya daraja ulikuwa mchanga mtupu,
mbwa wawili wamelala katikati, hawana uraia.
Tolaba, mlinzi wa shule ya La Quiaca, akatufungulia stoo:
madawati sitini, mapya, nailoni haijachanwa,
yamelala chali.
Huku, kijana akasoma, kwa kila kichwa cha mtoto
fedha ni nyingi.
Nyingi, Tolaba akajibu, ila gundi ilinunuliwa Buenos Aires
na mtu mwenye jasho shingoni.
Julai ya hapa imeibandua yote.
Tuliandika kuomba nyingine. Tukajibiwa kwa barua
inayouliza barua yetu iko wapi.

Kijana akapiga mluzi mdogo.
Jedwali halikuwa na safu ya gundi,
wala ya mwalimu Zenobia anayenunua chaki kwa pesa ya mayai,
wala ya glovu zilizokatwa ncha ili kalamu ishikike.

Sisemi tarakimu ni waongo.
Baba yangu hakujua kuhesabu
na alipunjwa kila siku ya mnada, maisha yake yote.
Andika, nikamwambia, andika vizuri.
Ila kabla hujafunga, tupindue na hili moja
ambalo wameshalikalia.

Chini yake, kwa ncha ya bikari:
NAYRA, DARASA LA TATU.

Nikakaa sakafuni.
Jina hilo nililipiga msasa wiki iliyopita,
chini ya dawati la kule kwetu, likanishinda:
NAYRA, DARASA LA TATU,
Y ileile yenye mkia mrefu kama wa panya.
Alivuka na mama yake msimu wa vitunguu,
akarudishwa darasa kwa kuwa cheti kilikosa muhuri.
Mwaka mzima, umelipiwa mara mbili
au haujalipiwa na yeyote.

Huyu yuko safu ipi?

Kijana akapeleka kishale kushoto, kisha kulia,
kikabaki kikipepesa juu ya mstari wa katikati,
ule mwembamba usioandikwa kitu.

Nje kengele ikalia, watoto wakamwagika uani.
Tolaba akaniuliza kwa sauti ya chini
kama sandukuni nimebakiza gundi yoyote.
Ilikuwepo. Ya Villazón. Nusu kopo.