Flashi Mbili, Isevya

Nimewaweka mezani bega kwa bega,
juu ya kitambaa cha kudarizi alichoacha mama.
Huyu mzee, kaparuzika pembeni,
nilimrithi kwa Mzee Kapalata pamoja na deni la pango.
Huyu kijana kaja jana kwa basi la Kahama,
bado ananuka boksi,
bado ana ngozi ya nailoni juu ya kioo chake.

Betri nne huyu, betri nne yule. Hapo wako sawa.
Nikimwasha mzee anaanza kulia, wiiiii,
kama mbu aliyenasa sikioni.
Nahesabu mpaka saba
ndipo taa yake nyekundu inaniambia haya, twende.
Katika hizo saba bi harusi ameshalishwa keki,
ameshafuta mdomo, ameshamgeukia shangazi.
Kijana hana kelele. Mbili tu, yuko tayari.
Lakini mpigishe picha arobaini mfululizo
anapata homa,
anakuchorea kipimajoto kwenye kioo, anagoma,
kama karani wa halmashauri saa saba mchana.

Mzee hana shingo. Anatazama mbele,
anampiga mtu kofi la uso,
na ukutani nyuma yake kivuli kinasimama
cheusi, kimechongoka, kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.
Kijana anageuza kichwa: juu, kando, hata nyuma,
anaikopa dari nuru, dari inammwagia polepole.
Ila dari haikopeshi bila riba.
Ukumbi wa Ng'ambo una dari ya kijani,
na Jumamosi ile bwana harusi Mihambo
alitoka kwenye picha zote kama embe bichi.
Mama yake akanivuta kando,
akaniuliza mwanawe nilimlisha nini.

Kwa hiyo leo sitaki maneno ya muuzaji.
Nimemwita jirani, Bi Kalunde, muuza asali,
nimemkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mgongo kwa ukuta wa tofali za kuchoma,
hatua tatu, nimezipima kwa miguu yangu.

Pwaa! Mzee.
Bi Kalunde katoa macho,
paji linang'aa kama sufuria ya Idi,
kila kunyanzi limesomwa kwa sauti.

Pwaa! Kijana.
Ngozi imetulia, rangi ya asali ya miombo,
ile nzito, ile asiyomuuzia mpita njia.
Ila macho kayafumba.
Narudia. Kayafumba.
Nikamwambia Bi, tazama hapa kwenye kidole.
Kayafumba.

Mara ya tano ndipo nikaelewa:
kijana hapigi mara moja.
Kwanza anatuma mweko mdogo, wa kuuliza,
giza kiasi gani, mtu yuko wapi,
kisha anajijibu mwenyewe kwa mweko mkubwa,
na kope za Bi Kalunde, zilizolelewa na moshi wa kurina,
zinashuka hapohapo
kati ya swali na jibu.

Nikamwonyesha. Akakisogeza kioo mpaka puani.
"Huyu mliyemlaza ni nani?
Dada yangu nilimwosha, nikamwacha hivihivi.
Futa."
Nikamwonyesha ile ya mzee, yenye kofi na kivuli.
Akacheka, jino la pembeni likaonekana.
"Huyu kuna mtu anamdai.
Huyu ndiye mimi."

Kijana simrudishi. Nimelipa nusu,
na tumbaku ikishalipwa watu wataoana kila wiki,
nani atasubiri saba mzee amalize kulia?
Lakini nimekata dumu jeupe la lita tano,
nimemvisha mzee usoni,
kofi lake limekuwa kiganja.
Atakaa mfukoni mwangu kwa ajili ya wale
ambao kope zao ni nyepesi kuliko maswali.

Bi Kalunde kapita jioni, kaliona dumu.
Kaniuliza nitalilipa lini.